Duara la Niwaeli

Siku nne kabla ya ibada ya ukumbusho nilikuwa na maduara ishirini na mawili sakafuni na sauti ishirini na moja mkononi.

Maduara niliyachora mwenyewe kwa rangi nyeupe, kwenye ukumbi wa kwaya, kila moja pale pale mwenyewe alipokuwa akisimama siku za mazoezi. Juu ya kila duara, darini, nilitundika sahani ya vipaza sauti, pana kama sinia la chai. Ukiingia ndani ya duara unamsikia mtu mmoja tu akiimba, yuko karibu kiasi kwamba unamsikia anavyovuta pumzi. Ukitoka nusu hatua, kimya. Watu wa dayosisi wameandika kwenye mwaliko kwamba ni kazi ya sanaa, na mimi wakaniita msanii. Sikuwabishia. Nimefundisha kwaya hii miaka kumi na moja, na kila aliyesimama kwenye maduara yale nimewahi kumfokea kwa kuchelewa.

Nieleze kidogo, maana watu hudhani ni miujiza. Sauti ya kawaida humwagika ovyo kama maji sakafuni. Lakini sauti ya juu kupita kiasi, ile inayotetema mara elfu arobaini kwa sekunde na ambayo hata mbwa haisikii, hiyo haimwagiki. Inakwenda imenyooka kama mwanga wa tochi. Sisi tunachukua wimbo wa mtu tunaupandisha juu ya mtetemo huo, na hewa yenyewe, njiani, ndiyo inayoushusha wimbo ukasikika. Tunauita uzi. Adui wake ni ukuta mtupu na sakafu ngumu, maana hapo unadunda na kwenda kwa asiyehusika, ndiyo sababu ndani ya kila duara nimetandika kapeti.

Siku hizi karibu kila kitu kinakujia kwa uzi. Sheria ya Utulivu ilipitishwa nikiwa kidato cha pili, baada ya watu kuchoshana kwa maspika, kanisa na baa, baa na msikiti, wote na gari la matangazo. Sasa hapa Same ukienda sokoni unamwona muuza nyanya anachezesha midomo, na humsikii mpaka ufike mezani kwake. Kanisani kwetu waimbaji huvaa kola ya kitambaa inayoimeza sauti pale pale kooni na kuileta kwenye mikisa yangu, mashine ya kuchanganyia sauti, nami ninaigawa kwa nyuzi, benchi kwa benchi. Mgeni akisimama mlangoni ataona watu thelathini wamepanua midomo bila hata mkwaruzo, na atacheka. Akikaa tu, kicheko kinamwishia.

Mwezi Machi basi la kwaya lilisombwa na mafuriko kwenye korongo, wakienda kwenye tamasha. Wakafa ishirini na wawili. Mimi nilikuwa nimetangulia siku moja na vyombo. Kola zao zote nilikuwa nazo mimi, zimekunjwa ndani ya sanduku, zimefuliwa.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wa kwangu tayari?"

Alikuwa Mzee Elinihaki Mrutu, babake Niwaeli. Alikuja kila asubuhi saa tatu, amepiga pasi shati, kofia mkononi. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka masoko ya wilaya nzima na mawe yake ya kupimia ndani ya mkoba, na wafanyabiashara walimwogopa kuliko polisi. Mkewe alifariki zamani. Niwaeli ndiye aliyebaki naye, mtoto wake wa pekee.

"Bado, Baba. Nasafisha sauti."

"Safisha. Ila usiharakishe kwa ajili yangu." Akaliangalia duara la kumi na nne, la bintiye, akainama kulinyoosha kapeti ambalo halikuwa na kasoro yoyote. "Wale wengine nasikia wameshasikiliza. Fundi Mbwambo kasikiliza jana?"

"Bado. Nimewaita wote Alhamisi."

"Basi na mimi Alhamisi." Akavaa kofia. "Mwalimu, nakwambia ukweli, nyumba imekuwa kubwa. Nikimsikia hata mara moja nitalala."

Akaondoka. Nikakaa chini kwenye sakafu, nikajitukana kwa Kipare na kwa Kiswahili.

*

Sauti iliyokosekana ilikuwa ya Niwaeli, na haikukosekana kwa bahati mbaya.

Alijiunga na kwaya akiwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa chekechea, mcheshi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alipenda kuimba kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha. Na hakuweza. Nilimpa sauti ya kwanza, akapotea. Nikamhamishia ya pili nikidhani itamsitiri, akapotea zaidi. Miezi minane nilimweka peke yake masikioni mwangu nikitafuta pa kumshikia, nikaambulia patupu.

Sasa, kwetu humwambii mtu aache kumwimbia Mungu. Angelia, na usharika mzima ungesema Mwalimu Nakijwa ana majivuno, tangu lini anachagua makoo ya kumsifu Bwana. Walimu wa zamani mtu kama huyo walimpanga nyuma na kumwomba aimbe taratibu. Mimi nilikuwa na mikisa. Jumapili moja nilishusha chaneli yake hadi sifuri, na dunia haikuanguka. Kwaya ikasikika tamu. Kwenye uzi wake mwenyewe nilimrudishia wenzake wakiwa juu kidogo, yeye yupo chini yao, ili asigundue. Akaimba amefumba macho, mishipa imemtoka shingoni. Baada ya ibada alinikumbatia akasema, "Mwalimu, leo tumeimba!"

Nilimwambia ndiyo, tumeimba.

Mikisa huhifadhi chaneli zilizo wazi tu. Ya kwake haikufunguliwa tena, na rekodi za ile miezi minane nilizifuta. Miaka sita alisimama kwenye duara lile akimwaga roho yake ndani ya kola, na hakuna aliyemsikia.

Ningeishia hapo ningekuwa na dhambi moja. Mwaka wa pili Mzee Mrutu alinifuata mlangoni, mwenye haya kama mtu anayeomba chumvi. "Mwalimu, kwenye benchi langu, unaweza kumpandisha binti yangu kidogo? Nataka nimsikie yeye." Familia nyingi waliomba hivyo, na niliwafanyia. Lakini sifuri huipandishi. Kushoto kwa Niwaeli alisimama Apaikunda, mke wa Mbwambo fundi cherehani, sauti ya pili iliyonyooka kuliko zote. Nikampandisha Apaikunda kwenye benchi la mzee. Nilijiambia ni kwa Jumapili ile tu, nitatafuta namna. Ibada ilipokwisha mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ungefanya nini? Mimi nilitabasamu, na Jumapili iliyofuata nikafanya vilevile, na nyingine, hadi miaka minne ikapita.

*

Jumatano mchana nilifunga mlango wa ukumbi.

Njia rahisi ilikuwa kuweka sauti ya Apaikunda kwenye sahani mbili. Mzee angeridhika. Lakini Mbwambo naye angekuja, angesimama hatua mbili kutoka pale, na koo la mkewe lingekuwa linawalilia wafu wawili. Hapo nilishindwa. Kusema ukweli nako niliona siwezi, si kwa mzee aliyebakiwa na hicho tu.

Nilikuwa na jumbe za sauti. Niwaeli alikuwa hodari wa kunitumia. "Mwalimu nachelewa, kuna mtoto hapa mama yake hajaja kumchukua, nimempa uji anautema." Nikazikusanya zote, zikafika dakika hamsini. Siku hizi kuna programu inayochukua mazungumzo ya mtu, inajifunza koo lake, pua yake, namna ulimi unavyogonga meno, halafu inalivika koo hilo wimbo wowote unaotaka. Sheria inaruhusu kwa marehemu iwapo familia itaweka sahihi. Mimi sahihi sikuwa nayo, maana kuiomba kungekuwa kusema kila kitu. Nikaendelea hivyohivyo.

Nilimpa wimbo wangu wa asubuhi, "Umeniamsha," ule kwaya iliouimba kila mwezi. Alipoanza kuimba nilishika kifua. Alikuwa yeye, na alikuwa ndani ya wimbo, kila noti imekaa mahali pake. Nilimsikiliza mara tano nikilia kama mtoto. Nilijiona nimemlipa fadhila. Hata nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba angekuwepo angefurahi.

*

Alhamisi saa nne walikuja wengi kwa zamu. Nitasema habari za wawili tu.

Mbwambo aliingia kwenye duara la kumi na tatu na viatu mkononi, sijui kwa nini alivivua. Alisimama wimbo mzima mabega yakimtikisika, na mimi niliyesimama hatua tatu kutoka hapo sikusikia chochote ila pua yake. Mzee Mrutu alisubiri kwa adabu mpaka ukumbi ubaki na sisi watatu. Kisha akaweka kofia kwenye benchi, akaingia kwa bintiye.

Nilimwangalia usoni. Mwanzoni paling'aa. Akatikisa kichwa kidogo kufuata mdundo. Halafu ule mng'ao ukaanza kupungua, taratibu, kama mtu anayesoma barua akafika kwenye jina asilolijua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoka.

"Mwalimu, huyu siye."

"Ni yeye, Baba. Koo ni lake."

"Koo ni lake, sikatai. Anayeimba siye. Nimemsikiliza miaka minne, kila Jumapili. Mwanangu nitamkosa?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kunisaidia. "Pengine umebadilisha sahani. Mambo ni mengi, umechoka."

Akaanza kutembea kwenye safu, kichwa ameinamisha upande, anaingia duara moja anatoka, anaingia lingine, kwa utaratibu uleule wa kukagua mizani sokoni. Akafika la kumi na tatu. Mbwambo alikuwa ametoka, anajifuta. Mzee akaingia.

Sijawahi kuona mtu akipata nafuu ghafla namna ile. Akaunyoosha mkono, akashika hewa.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu hapa mwanangu. Si nilikwambia? Umebadilisha sahani."

Mbwambo akageuka. "Mzee wangu, hapo ni kwa mama watoto."

"Hapana, bwana. Njoo usikie. Huyu ni Niwaeli."

"Nimeishi naye miaka kumi na tisa, Mzee." Mbwambo alisema polepole, hakutaka kumuumiza. "Alikuwa anaimba nikishona. Huyo ni Apaikunda."

Walitazamana, mgane kwa mzee, halafu wote wawili wakanitazama mimi.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema nyaya zimechanganyika, mnisamehe, rudini Jumamosi, na wangerudi. Usiku huo ningehamisha nakala ya Apaikunda kwenye sahani ya kumi na nne, nikaibadili rangi kidogo Mbwambo asiitambue, mzee akalala usingizi wake alioutamani. Nani angeumia? Wenyewe wamekufa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuusema. Kilichonizuia ni vile mzee alivyokuwa ameukunjua mkono mle ndani ya duara, kiganja juu, kwa mwanamke asiyekuwa wake, na mume wa mwanamke huyo amesimama pembeni na viatu mkononi akimwonea huruma.

"Mbwambo anasema kweli, Baba," nikasema. "Huyo ni Apaikunda. Amekuwa Apaikunda siku zote."

Nikawaeleza. Niliieleza chaneli, sifuri, benchi, programu, yote, na sauti yangu haikuwa na heshima yoyote, ilinitoka kwa vipande. Mbwambo alikaa kwenye benchi. Nilipomaliza alinyanyuka, akampigapiga mzee begani, akatoka bila kuniangalia.

Mzee alibaki ndani ya duara la Apaikunda. Wimbo ulikuwa umekwisha.

"Miaka thelathini nimekagua mizani," akasema. "Nimeona waliochimba mawe kwa chini, nimeona wenye sumaku. Iliyochezewa vizuri hivi sijaiona."

"Nisamehe, Baba."

"Yeye alijua?"

"Hapana. Hakujua hata siku moja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akatoka kwenye duara akaja kukaa. Nilipiga magoti mbele yake, akaniambia ninyanyuke, sakafu ni baridi. Nilitamani anitukane.

"Sikiliza nikwambie jambo," akasema. "Nyumbani alikuwa akipika anaimba. Huko jikoni, madirisha amefunga kwa ajili ya sheria, anaimba nyimbo zako hizi. Na alikuwa anaimba vibaya, Mwalimu. Vibaya sana. Mimi nikawa namkatiza. Namwambia, wewe Niwaeli, kanisani unawaimbia watu vizuri, mimi babako unaniletea makapi? Namwambia, kama sauti nzuri ni ya wageni, basi hapa nyamaza." Akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Alikuwa anacheka. Anasema, Baba, mbona ni sauti ileile? Nikawa nasema ananidanganya. Mwishoni akaacha. Mwaka mzima kabla ya basi, jikoni kwangu hapakuimbwa."

Nilishika ukingo wa benchi.

"Kwa hiyo niwekee hiyo," akasema. "Ya kweli. Hiyo mbaya."

"Haipo, Baba."

"Hata kidogo? Hata ya mazoezi?"

"Sikuihifadhi. Sina hata neno moja."

"Na kwenye simu yangu nilihifadhi ya kanisani. Uliyonipa wewe." Akacheka, kicheko kibaya, kikamgeuka kikawa kitu kingine, na nilimwona mzee yule aliyekuwa akitetemesha masoko akilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono imemwangukia mapajani.

Alipotulia alisema, "Ninayo kichwani." Akajaribu. Akafumba macho, akaanza "Umeniamsha" kwa sauti ya kizee, ya kukwaruza, sauti ya pili. Ilikuwa sahihi. Akaacha, akatikisa kichwa kana kwamba anafukuza nzi, akaanza tena. Ikawa sahihi vilevile. Alijaribu mara tatu, na mara zote tatu alichotoa kilikuwa cha Apaikunda, noti kwa noti, kama nilivyomlisha miaka minne.

"Haiji," akasema. "Mwanangu haji. Anakuja yule."

"Baba..."

"Wewe ulimsikia. Umesema miezi minane, peke yake."

"Ndiyo."

"Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Sikio langu halisahau kosa. Ni maradhi ya walimu wa kwaya: waliopatia wote wameniponyoka, aliyekosea ninaye.

"Basi niimbie," akasema.

Nikajitetea. Nikasema sauti yangu si yake, kwamba nikikosea kwa makusudi itakuwa dhihaka. Akaningoja. Nikanyanyuka, nikajipangusa, nikasimama katikati ya ukumbi bila kola wala uzi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nikaimba vibaya mbele ya mtu.

Nilianza juu mno kama yeye, kwa pupa, kana kwamba wimbo utamkimbia. Mstari wa pili nikauburuta. Mstari wa tatu unasema, "Jua lako limenikuta ningali hai." Hapo sauti ya pili inapaswa kupanda. Niwaeli hakupanda. Alifika katikati ya "limenikuta," akaishiwa, akavuta pumzi ndani ya neno, kisha akaurukia wimbo mahali ambapo hapana noti, si juu wala chini, na kwa furaha yake yote akakaa hapo hapo. Nami nikakaa hapo hapo.

Mzee akainua mkono.

"Hapo," akasema. "Ni yeye. Hapo ndipo nilipokuwa namkatiza."

Akasimama. Akaliendea duara la kumi na nne, akaingia, akapanga miguu yake vizuri juu ya kapeti. Nilikwenda kwenye mashine nikaizima ile sauti niliyoitengeneza, sahani ikabaki kimya juu yake. Nikarudi nikasimama mbele yake.

"Anza tena, mwanangu," akasema, macho amefumba. "Sikukatizi."

Nikaanza tena.